Uanze na vijana au ukae pembeni ya kocha mkuu? Ulinganisho kwa mwalimu anayeitaka timu ya wakubwa

Mwalimu kijana mwenye leseni ya ukocha ya ngazi za mwanzo, D au C, hufika mahali akaitwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Akademi inamtaka afundishe watoto wa chini ya miaka 15. Klabu ya Championship, daraja lililo chini ya Ligi Kuu, inamtaka awe msaidizi: apange koni, asimamie wachezaji wakati wa kupasha, akawaangalie wapinzani wa wiki ijayo. Ndoto yake ni kusimama siku moja kwenye mstari akiwa kocha mkuu wa timu ya Ligi Kuu au ya taifa. Aende wapi?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa kujifunza kazi yenyewe ya kufundisha mpira, vijana ni shule bora kuliko usaidizi. Ila nikifuatilia safari za walimu waliotoka kwa vijana wakafika juu na kudumu huko, nakuta wengi wao waliwahi kuonja chumba cha wakubwa kabla hawajakabidhiwa timu kubwa. Wengine walikuwa wasaidizi. Wengine walipewa timu ndogo ya wakubwa wakashindwa. Kituo hicho cha katikati ndicho kinachorukwa na wanaosimulia habari zao, na mwalimu anayetaka kuwaiga anapaswa kukitazama kuliko vyote.

Vijana ndani ya klabu moja

Chukua safari ya kocha Mjerumani Julian Nagelsmann, kwa sababu ndiyo inayotajwa zaidi na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Alizaliwa mwaka 1987, na goti likamtoa uwanjani akiwa na miaka 20, kabla hajacheza mpira wa maana wa wakubwa. Wakati huo alikuwa Augsburg, ambako kocha wa timu ya pili alikuwa Thomas Tuchel. Tuchel akamtuma kwenda kuwaangalia wapinzani na kuleta ripoti. Kutoka hapo akaenda kufundisha vijana 1860 München, kisha Hoffenheim.

Watu wanasimulia ubingwa wa Ujerumani wa chini ya miaka 19 alioutwaa na Hoffenheim mwaka 2014, halafu wanaruka hadi Februari 2016, alipokabidhiwa timu ya kwanza akiwa na miaka 28. Kati ya kufundisha vijana wa chini ya miaka 17 (U17) na ubingwa ule kuna msimu wa 2012/13, ambao aliutumia kwenye benchi la ufundi la timu ya kwanza akiwa msaidizi. Msimu wenyewe ulikuwa mbaya: makocha wakuu walipishana mlangoni, na Hoffenheim ikanusurika kushuka daraja kupitia mechi za mchujo. Mwalimu wa miaka 25 aliona kwa macho yake jinsi timu ya wakubwa inavyoanguka, jinsi wachezaji wanavyoacha kumsikiliza kocha anayejulikana kuwa anaondoka, na jinsi viongozi wanavyobadilika sauti. Kisha akarudi kwa vijana.

Kwa hiyo Huub Stevens alipojiuzulu kwa matatizo ya moyo, Nagelsmann hakuwa mgeni mle ndani. Hoffenheim ilikuwa ya 17 katika ligi ya timu 18, zimebaki mechi 14. Ikamaliza ya 15, pointi moja juu ya nafasi ya mchujo. Msimu uliofuata ikawa ya nne. Nadiem Amiri, aliyekuwa naye kwenye ubingwa wa vijana, alikuwa tayari yuko kikosini, na kijana wa aina hiyo ni mtaji: anajua mwalimu anataka nini kabla hajafungua mdomo.

Tuchel mwenyewe alipita njia inayofanana. Jeraha la goti lilimstaafisha mwaka 1998 akiwa na miaka 25. Akaanza na watoto wa chini ya miaka 14 Stuttgart, akafika timu ya pili ya Augsburg, ambayo ni timu ya watu wazima hata kama ligi yake ni ya chini, kisha akaibebesha Mainz ubingwa wa U19 mwaka 2009. Agosti ya mwaka huohuo, siku chache kabla ya ligi kuanza, Mainz ikamfukuza kocha mkuu na kumpa yeye timu iliyokuwa imetoka kupanda Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani. Ikamaliza ya tisa. André Schürrle alipanda naye kutoka timu ya vijana.

Kwa nini Ujerumani ilitoa walimu wa namna hii kwa wingi? Sababu ni ya kiutawala kuliko ya kipaji. Baada ya timu yao ya taifa kutolewa hatua ya makundi kwenye Euro 2000, shirikisho lao liliweka akademi kuwa sharti la leseni kwa klabu za madaraja mawili ya juu. Ghafla zikahitajika nafasi nyingi za walimu wa vijana wanaolipwa mshahara kamili. Mtu aliyestaafu kwa goti akiwa na miaka 20 aliweza kuishi kwa kufundisha watoto, akasoma, akapanda ngazi ya leseni bila kulala njaa.

Hapo ndipo tofauti yetu na wao ilipo, na naisema kwa uchungu. Kwetu mwalimu wa vijana mara nyingi anaishi kwa nauli. Anafundisha mchangani jioni baada ya kazi nyingine, mipira minne kwa watoto 30. Azam wana akademi yao Chamazi, na kuna vituo vingine vinavyojitahidi, lakini nafasi zinazolipa ni za kuhesabu. Mtu anayekushauri upite njia ya Nagelsmann bila kukutajia mshahara hajakushauri.

Hata hivyo kuna mfano wa nyumbani unaonipa moyo. Mathare United ya Nairobi ilizaliwa kutokana na MYSA, mradi wa vijana ulioanza mwaka 1987 katika mtaa wa Mathare. Mwaka 2008 ikatwaa ubingwa wa Kenya, na kocha wake alikuwa Francis Kimanzi, aliyekulia humohumo. Ameifundisha pia Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya. Klabu iliyowalea wachezaji wake yenyewe ilimlea na mwalimu wake, na hilo halikuhitaji fedha za Ujerumani.

Unachokipata kwa vijana, na unachokikosa

Kwa vijana huwezi kusajili beki wa kushoto. Unalazimika kumtengeneza. Ukigundua mtoto wako anapokea mpira akiwa amelipa goli mgongo, ni kazi yako kumfundisha kufungua mwili, leo, kesho na wiki ijayo, mpaka ifike siku anafanya bila kuambiwa. Na kila mwaka kundi linaondoka, linaingia jingine, unaanza upya kufundisha jambo lilelile. Mwalimu aliyefundisha kukabia juu, yaani kuwabana wapinzani karibu na goli lao, kwa makundi matano tofauti anajua njia tano za kulieleza. Msaidizi aliyepanga koni kwa miaka mitano anajua njia moja, ya bosi wake.

Kingine ni uhuru wa kukosea. Ukijaribu mabeki watatu na vijana wa U17 ukafungwa manne, Jumatatu unarudi uwanjani, mnarekebisha. Hakuna redio itakayokujadili asubuhi.

Lakini uhuru huohuo ndio upungufu. Kijana wa miaka 16 anakusikiliza kwa sababu anataka kuwa mchezaji. Mchezaji wa miaka 31 mwenye watoto watatu, ambaye mshahara wake umechelewa miezi miwili, anakusikiliza kwa hesabu nyingine kabisa. Ukimweka benchi, hakuulizi amekosea nini. Anapiga simu kwa kiongozi aliyemsajili. Kocha wa U17 akipoteza mechi nne mfululizo anaitwa mlezi mvumilivu. Kocha wa Ligi Kuu akitoka sare tatu, kibarua kinaota nyasi. Kuzungumza na mwenyekiti, kukataa mchezaji aliyeletwa kwa urafiki, kukaa mbele ya waandishi baada ya kufungwa na mtani wa jadi: mambo hayo hayafundishwi U15.

Brendan Rodgers aliliona hilo. Aliacha kucheza akiwa na miaka 20 kwa sababu ya goti, akajenga jina kwa vijana wa Reading, kisha Chelsea. Akapewa Watford mwishoni mwa 2008, akahamia Reading katikati ya 2009, na Desemba hiyohiyo akaondolewa. Baada ya kipigo hicho ndipo akaenda Swansea mwaka 2010, akaipandisha Ligi Kuu ya England mwaka uliofuata, na mwaka 2012 akawa Liverpool.

Timu za taifa za vijana

Hii ni tawi la njia ileile, lakini lina mantiki yake. Hapa huna wachezaji kila siku. Una siku kumi kabla ya mashindano, basi. Unajifunza kuchagua, kufupisha maneno, na kuwasoma watu haraka.

Luis de la Fuente wa Hispania ndiye mfano ulioiva kuliko yote. Alikuwa beki wa kushoto wa Athletic Bilbao iliyotwaa ubingwa mwaka 1983 na 1984, akafundisha vijana wa klabu hiyo. Mwaka 2011 Alavés ikampa timu ya wakubwa katika daraja la tatu, na msimu haukuisha naye. Mwaka 2013 akaingia shirikisho. Akatwaa Euro ya U19 mwaka 2015, Euro ya U21 mwaka 2019, na medali ya fedha ya Olimpiki ya Tokyo. Desemba 2022 akapewa timu ya wakubwa, huku wengi Hispania wakiuliza huyu ni nani, hasa baada ya kufungwa 2-0 na Scotland katika mechi yake ya pili. Mwaka 2024 akatwaa Euro kwa kushinda mechi zote saba. Unai Simón, Rodri na Mikel Merino walikuwa naye tangu U19 ya 2015. Mikel Oyarzabal, aliyefunga bao la ushindi dhidi ya England katika fainali, alikuwa naye U21. Miaka tisa ya kuwajua watu, ndiyo iliyovuna pale Berlin.

Afrika tuna Aliou Cissé, aliyekuwa na timu ya Senegal ya chini ya miaka 23 kabla ya kupewa ya wakubwa mwaka 2015, na Februari 2022 akaipa Senegal AFCON yake ya kwanza. Tanzania tuna Bakari Shime, na nadhani hatumzungumzii vya kutosha. Alikuwa na Serengeti Boys, timu ya taifa ya U17, walipokwenda AFCON ya U17 nchini Gabon mwaka 2017. Mwaka 2022 aliwapeleka Serengeti Girls Kombe la Dunia la U17 India, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakafika robo fainali. Julai 2025 alikuwa na Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, kwenye WAFCON, yaani AFCON ya wanawake, nchini Morocco, mara ya kwanza kwa timu hiyo tangu 2010. Mwalimu anayetafuta ramani ya kupanda kupitia vijana bila kuvuka bahari, hiyo hapo. Na inamwonyesha pia kwamba soka la wanawake lina milango ambayo wenzake wengi hawajaigonga.

Kukaa pembeni ya kocha mkuu

Januari 2024, kwenye AFCON ya Côte d'Ivoire, wasaidizi wawili walikabidhiwa timu ndani ya wiki moja. Taifa Stars ilimsimamisha Adel Amrouche baada ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, kumfungia mechi nane, na benchi likashikwa na Hemed Suleiman, Morocco kama tunavyomwita. Akatoka sare ya 1-1 na Zambia, kisha 0-0 na Kongo. Siku ileile ya sare na Kongo, tarehe 24, wenyeji wakaachana na Jean-Louis Gasset baada ya kufungwa 4-0 na Equatorial Guinea, wakampa timu Emerse Faé. Faé hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu yoyote ya kwanza ya wakubwa. Akaitoa Senegal kwa penalti, akaifunga Mali, akaifunga Kongo kwenye nusu fainali, na Februari 11 akaifunga Nigeria 2-1 akawa bingwa wa Afrika.

Angalia Faé alitoka wapi. Alistaafu mapema kwa sababu za kiafya, akafundisha vijana wa Nice, kisha timu ya pili ya Clermont, ndipo akawa msaidizi wa Gasset. Alikuwa amekwisha kuwa mwalimu kabla hajawa msaidizi. Usaidizi ulimweka karibu na mlango. Alichofanya baada ya mlango kufunguka alikuwa amekijenga kwingine.

Hiyo ndiyo faida kubwa ya njia hii: ukaribu. Timu ikiyumba, viongozi hawatafuti mtu akademi, wanamtazama aliye kando ya kocha. Unajua majeraha ya nani ni ya kweli, nani anamfuata nani chumbani, nani ana njaa. Unaona usajili unavyofanywa. Na ukimpata bosi mzuri, unasoma bure kitu ambacho kozi haifundishi. José Mourinho alifundisha vijana Setúbal, kisha akawa mkalimani na msaidizi wa Bobby Robson kuanzia Sporting mwaka 1992, na miaka 12 baadaye alikuwa ameshika kombe la Ligi ya Mabingwa Ulaya na Porto. Mikel Arteta alikaa na Guardiola Manchester City zaidi ya miaka mitatu kabla ya kupewa Arsenal Desemba 2019.

Hasara zake kwa mazingira yetu ni mbili, na zote nzito. Kwanza, ukija na bosi, unaondoka na bosi. Virago vyake ni virago vyako. Pili, klabu zetu kubwa zinaajiri wageni, na mzawa aliye msaidizi huonekana mtu wa kukaimu. Juma Mgunda alichukuliwa kutoka Coastal Union Septemba 2022 kuishika Simba, akaifikisha makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na Januari akaletwa kocha mkuu mgeni, yeye akarudi kiti cha pili. Hemed Morocco aliifikisha Taifa Stars AFCON 2025, na fainali zenyewe zilipoanza Desemba benchi lilikuwa chini ya Miguel Gamondi. Sisemi wageni hawajui kazi. Nasema mwalimu mzawa anayechagua usaidizi ajue mapema kwamba kufaulu kwake akiwa kaimu si lazima kumpe kiti.

Timu B

Timu B ni timu ya pili ya klabu, na hii ni njia ya wenye majina. Pep Guardiola alianza na Barcelona B mwaka 2007 katika daraja la nne, akaipandisha, na mwaka uliofuata akapewa timu kubwa, akapanda na Pedro na Sergio Busquets. Zinédine Zidane alikuwa msaidizi wa Carlo Ancelotti, kisha akafundisha Castilla, timu ya pili ya Real Madrid, kisha akatwaa Ligi za Mabingwa tatu na timu kubwa. Andrea Pirlo alipewa timu ya pili ya Juventus Julai 30, 2020, na siku tisa baadaye akapewa ya kwanza bila kuiongoza ya pili hata mechi moja. Baada ya msimu mmoja hakuwepo. Kwetu timu B za namna hiyo ni chache, kwa hiyo sitakaa hapa.

Ukiziweka mezani

Kwa pesa, usaidizi unalipa mapema zaidi Afrika Mashariki. Kama una familia inayokutegemea na akademi inakupa nauli tu, chukua usaidizi na usione aibu, ila dai kitu kimoja kwenye mazungumzo: upewe na timu ya U20 ya klabu uifundishe. Klabu za Ligi Kuu zinahitaji mtu wa kuwashika vijana hao, na mara nyingi viongozi hukubali kwa sababu wanaokoa mshahara wa mtu mwingine. Hapo umepata vyote viwili.

Kwa leseni, ngazi za CAF ni D, C, B, A na Pro, na ngazi hizo ni zilezile kwa njia zote. Tofauti ni muda wa kujiandaa. Mwalimu wa vijana ana kikosi chake cha kufanyia majaribio yale anayofundishwa kozini. Msaidizi inambidi aombe ruhusa ya bosi kufanya zoezi la dakika 15. Nagelsmann alipopewa Hoffenheim alikuwa bado yuko kwenye kozi ya leseni ya juu kabisa. Alikuwa anasoma huku anapigania kutoshuka daraja. Usisubiri kuitwa ndipo uanze kutafuta B.

Kwa jina, kama umecheza Ligi Kuu miaka kumi, chumba cha wakubwa kitakusikiliza tangu siku ya kwanza. Basi unachokosa ni ufundi wa kufundisha, na kwako wewe hasa ninakusihi uende kwa vijana. Gareth Southgate alitoka kucheza akapewa Middlesbrough moja kwa moja mwaka 2006. Ikashuka daraja 2009. Mwaka 2013 akarudi nyuma kuifundisha England U21, na waliompata mwaka 2016 walipata mwalimu mwingine: nusu fainali ya Kombe la Dunia 2018, fainali mbili za Euro. Kama hukucheza popote panapojulikana, mambo ni kinyume. Ufundi utaujenga kwa vijana, lakini usikae huko miaka minane mfululizo bila kuingia benchi la wakubwa hata kwa msimu mmoja, hata kama ni timu ya daraja la chini kabisa mkoani kwako.

Na kama baada ya yote hayo unagundua moyo wako uko kwa vijana, baki. Lee Carsley alikaimu timu ya wakubwa ya England mechi sita mwaka 2024, akashinda tano, akarudi U21 kama alivyosema anatarajia, na mwaka 2025 akatwaa Euro ya pili mfululizo na vijana hao.

Kabla hujasaini akademi, uliza mambo mawili. Vijana wangapi wa hapa wamecheza timu ya kwanza katika misimu mitatu iliyopita? Na kocha mkuu wa wakubwa huja kuangalia mazoezi ya vijana, au anawajua kwa majina ya kwenye karatasi? Kama haji kabisa, hakuna ngazi kati ya uwanja wako na wake, na ubora wako hautaonekana na mwenye uamuzi. Kabla hujasaini usaidizi, uliza nani ataandaa mazoezi ya Jumanne. Kama jibu ni kwamba wewe utapewa hata nusu saa ya kufundisha safu ya ulinzi peke yako, kubali.